Moshi wa Mzee Jivan

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, ungo mapajani, nachambua mchele, jirani alipoita juu ya ua: "Bi Zena! Mzee Jivan wa dukani wanamchoma sasa hivi mtoni."

Bibi aliacha maharage. "Tatu yuko wapi?"

Tatu, mdogo wangu, alikuwa ameenda kufua mtoni Mkondoa.

Kilosa tuliambiwa moshi wa maiti ya Baniani ukimkuta mtoto humfuata mpaka kwao, ukaondoka na mmoja wa nyumba hiyo. Bibi alikuwa na hofu zaidi. Zamani Wahindu walikuwa wengi: wenye maduka, maseremala, masonara, kila jamaa na vyungu vyake na watu wa kuwasindikiza wafu wake. Wengi walihama. Biashara ilipofunguliwa wakaja vijana wa Kihindu kutoka Dar, wasiomjua marehemu.

"Anabebwa na wasio wake," alisema. "Hatatulia huyo. Kimbia!"

Kwenye matete moshi ulikuwa umelala chini, unanuka samli. Niliita. Nikaita tena. Kumbe Tatu alikuwa kando kabisa ya moto, katikati ya wanaume wachache.

"Unafanya nini hapo?"

"Nimeweka kijiti. Kila mtu anaweka. Si alikuwa ananipa ubuyu?"

Nilimburuta nyumbani, nguo tukaziacha. Bibi alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo. "Hamuingii."

Nyuma yetu akatokea Fundi Mohan, seremala, amelowa chapachapa, kabeba beseni letu la nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kawasha?"

"Mimi. Mzee hana mtoto hapa wa kumwashia. Si jamaa yangu, lakini ningemwacha?" Akamtazama Tatu. "Aoge kwanza, na gauni liloekwe. Sisi wote tumeoga. Ndipo aingie."

"Kwani mimi nasema nini?" Bibi alifoka, lakini mikono ikashuka.

Sijui kama moshi hufuata watu. Leo naishi Mikumi, malori yanapita mbele ya nyumba, na wanangu wakichelewa nasimama mlangoni vilevile, mikono kwenye miimo. Kuogopa hakuhitaji ushahidi.

Jioni ile Bibi alichota maharage ya Fundi kabla ya kutia dagaa, maana hakula samaki wala nyama. Enzi za wingi wao Fundi asingegusa chungu chetu; sasa kwake hapakuwa na wa kumpikia. Bibi alipakua wali, akatuhesabu kwa kidole: mama aliyerudi shamba, mimi, Tatu nywele mbichi bado. Kidole kikamfikia Fundi kwenye kigoda, kikasimama.

"Na wewe. Haya, wote mpo. Kuleni."