Maombi Yangu kwa Mwanamke wa Miaka Mia na Miwili

Kwetu wanaume hawafiki hamsini. Babu alikufa akiwa na miaka arobaini na sita, baba arobaini na minane, wiki mbili baada ya mahafali yangu. Tangu hapo kila nikilala nahesabu mapigo ya moyo. Shangazi Agneta, anayetunza wazee Minnesota, aliponisimulia kuhusu Bibi Edith, mmoja wa wazee wake, niliomba viza. Bibi huyo ni wa Marafiki, yaani Quaker, kama sisi. Ana miaka mia na miwili. Mama yake na bibi yake nao walipita mia. Nilitaka kumwuliza walifanyaje.

Maple Grove, Januari 2014. Shangazi alichukua likizo ya wiki nzima kunipokea, akanipa koti la marehemu mumewe. Jumapili tukaondoka.

"Mimi nita-drive. Wewe kazi yako ni kutetemeka."

Njiani nilipanga maswali. Ni chakula? Usingizi? Na kama ni damu tu, nimefuata nini huku?

Saint Paul, saa sita mchana. Bibi Edith alikuwa mezani, ameketi wima. Ujanani alifundisha Vihiga, na Kiswahili chake kilizidi changu.

"Karibu, mwanangu. Tule."

Tukainamisha vichwa. Kimya. Dakika ikapita, kisha nyingine. Marafiki wa kwetu huimba na kuomba kwa sauti, na mgeni ndiye hupewa sala. Nikadhani wananingoja. Nikaomba kama mama anavyoomba, kwa nguvu: Mungu amwongezee Bibi miaka kumi, ishirini, ampitishe hata mama yake.

Nilipofumbua macho, Bibi alikuwa akilia.

"Alhamisi nilimzika Ruth," alisema. "Mwanangu wa mwisho. Wote wanne nimewazika."

Shangazi akashika kichwa. "Mama, mbona hukunipigia simu?"

"Ulikuwa na mgeni." Akanigeukia. "Katika kile kimya nilikuwa naomba kinyume chako. Naomba kila siku."

Ningenyamaza. Badala yake nikaropoka kwamba kwetu tunakufa mapema, nimekuja kuuliza siri.

"Siri gani? Mama yangu alivuta kiko. Sisi tunabaki tu." Akapangusa macho kwa kitambaa cha meza. "Baba yako alizikwa na nani?"

"Nyanya, mama yake."

"Yuko hai?"

"Ana tisini na mmoja."

"Basi umepanda ndege bure."

Nikirudi nyumbani, ndegeni, nilihesabu upya. Nyanya alizika mume, kisha wana watano. Mwaka mzima nilikuwa nikipiga hesabu ya wanaume peke yao, na yeye akinipikia.

Nilimkuta anachambua maharagwe uani. Jirani akapita, akamwuliza hali. Akajibu anavyojibu siku zote: "Bado nipo." Kwa mara ya kwanza nilimsikia vizuri. Alisema kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, kisha akaniangalia mimi niliyebaki, akaniuliza kama nimekula.