Sikio la Beryl Tranter

Kwa miaka kumi na tisa Beryl Tranter alilipwa kusikiliza muziki, na hakukuwa na wimbo hata mmoja aliouweka moyoni. Kiwandani kwao, pembezoni mwa London, kila santuri ya hamsini ililetwa kibandani kwake, naye akawinda kasoro tu: mkwaruzo, punje ya mchanga, mlio usio na mwenyewe. Ikiwa safi, aliisahau papo hapo.

Jumanne moja ya Oktoba 1971 zilikuwa zikichapwa santuri za Grey Foundry, bendi ya vijana wa Birmingham waliojifungia studio mwaka mzima na magitaa yao yanayonguruma kama tingatinga. Maduka yalizitaka Ijumaa. Katikati ya wimbo wa tatu Beryl akasikia: tik. Halafu tena: tik.

Tangu kiangazi sikio lake la kushoto lilikuwa likivuma na kugonga lenyewe, na hakumwambia mtu, hata mumewe Len. Akisimamisha mashine bure watampima, na msikilizaji kiziwi ni wa nini? Akinyamaza, maelfu ya watu watauziwa uchafu. Akaliziba la kushoto kwa kiganja, akasikiliza kwa la kulia. Tik. Akabonyeza kengele.

Msimamizi Cyril Hobday akaja mbio, uso mwekundu.

"Beryl, dada yangu, leo? Yaani leo kweli?"

"Kuna mlio, Cyril. Sikiliza."

Akasikiliza. "Si mpiga ngoma huyo? Hawa watoto hata wakigonga sufuria wanaita sanaa."

"Mpiga ngoma wao anakimbia, anachelewa, anakimbia tena. Huu haukosei hata mara moja."

"Nikizima kwa ajili ya ngoma, kesho sina kazi. Wewe pia."

Beryl akachukua kalamu ya nta, akachora mstari kwenye lebo, akairudisha sindano, kiganja kikarudi sikioni. Kila mara mstari ulipozunguka na kufika pale pale, alipiga meza. Pa, tik. Pa, tik. Ngoma ikaenda zake, mlio ukabaki na mstari. Raundi ya kumi Hobday alikuwa amepauka.

"Ni kalibu," akasema. "Zima!"

Kalibu, bamba la chuma lililozichapa santuri zote, ilikuwa na kovu jembamba kuliko unywele. Santuri elfu mbili zikavunjwa, nyingine zikachapwa usiku na mchana, na Ijumaa foleni zikapinda kona. Magazeti yakamsifu fundi wa studio kwa sauti safi.

Jumatatu Hobday akaja na vikombe viwili vya chai.

"Mbona uliliziba sikio la kushoto?"

Angeweza kudanganya. "Limeharibika tangu Juni."

Hobday akakikodolea macho kikombe chake. "Sasa nifanyeje, Beryl?"

"Kama nilivyofanya mimi. Ukisikia kasoro, bonyeza kengele."

Beryl akahamishiwa idara ya kufungasha. Jioni ile aliondoka na santuri moja, akaiweka sebuleni, akavuta kiti upande wa kulia. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Unatafuta nini tena humo?" Len akauliza.

"Sitafuti kitu. Nyamaza."

Wimbo wa tatu ulipoisha akanyanyua sindano, akaurudia kwa sababu ulimpendeza.