Baridi ya Sebuleni kwa Watawa

Sisi watu wa Toronto tuna kiburi ambacho hakuna anayetuonea wivu: tunaamini kwamba baridi ya dunia nzima tumekwisha kuihitimu. Ukweli ni kwamba katika maghorofa yetu ya Etobicoke hita huwaka kwa nguvu kiasi kwamba mwezi wa Januari mama yangu hushinda na kanga, dirisha likiwa wazi. Baridi yenyewe tunakutana nayo kati ya mlango na gari, tumefungwa makoti kama magunia ya karafuu, kisha tunaisimulia kama watu waliorudi vitani.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi nilipata nafasi ya kumpeleka mama Roma, mwezi wa Aprili, akamwone dada yake mtawa, ambaye hawakuwa wameonana naye tangu tuhame Tanzania. Suala la mavazi lilijadiliwa na kila mtu isipokuwa wenye safari. Baada ya misa ya Kiswahili, waumini ambao hawajawahi kufika Italia walitushauri kwa uhakika mkubwa. Mmoja alisema jua, mwingine mvua. Wa tatu akasema yote mawili kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo tuvae nguo juu ya nguo. Huyu, aliyekuwa sahihi, ndiye aliyechekwa.

Mama alikuwa na hoja nzito zaidi. Miaka yote hiyo, kwenye simu ya Jumapili, alikuwa akimwambia dada yake kwamba Kanada imemkubali na baridi haimgusi. Naye dada akijibu kwamba Roma ni joto kama Tanga. Mama alitaka dada yake aone kwa macho kwamba kuhama kwake hakukuwa kosa, na mtu wa namna hiyo hafiki amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Akashonesha magauni ya vitenge ya mikono mifupi. Masweta niliyoyapanga aliyatoa ili mataulo ya zawadi yapate nafasi, maana kwetu msafiri anaweza kufika anatetemeka, lakini hafiki mikono mitupu.

Roma ilitupokea kwa jua, na mama akanitazama mimi mwenye digrii kama mshindi anavyomtazama aliyeshindwa. Tulipofika kwenye nyumba ya watawa mvua ilikuwa imeanza, ila adui hakuwa nje. Sebule ilikuwa ya mawe matupu, na hita, tulielezwa kwa upole, zilikuwa zimezimwa kwa kuwa kalenda ilisema majira ya baridi yamekwisha. Mama mkubwa, huyo dada yake mama, aliingia na sweta nene juu ya vazi lake la utawa. Walikumbatiana, wakalia, wakakaa. Mama akasifu hali ya hewa, huku kikombe chake kikigonga kisahani.

Mama mkubwa alivua sweta, akalishika wazi mbele yake.

“Ingiza mkono, mdogo wangu.”

“Kwetu hiki ni kiangazi, dada.”

“Kiangazi gani kinachokutoa vipele? Ingiza mkono.”

Mama aliweka kikombe mezani, akaingiza mkono.

“Baridi sijaizoea, dada. Hata siku moja sijaizoea.”

“Na kila Jumapili ulikuwa ukiniambia nini?”

“Nawe uliniambia Roma ni joto.”

Mama mkubwa alicheka, akakiri kwamba mwaka wake wa kwanza alilala na koti. Lakini angeyasemaje hayo kwa mdogo wake anayeishi kwenye barafu? Akamfunga vifungo hadi shingoni, kisha akasogeza kiti chake mpaka mabega yao yakagusana, kwa kuwa sasa aliyekuwa akitetemeka ni yeye.