Fundi wa Nyuzi Mbili Mbili

Hata siku wateja walipojaa mlangoni kwake, fundi yule wa ala za muziki mjini Baraka hakugusa uzi kabla ya kumwomba mwimbaji ataje jina la mama yake. Dada yangu Pulchérie alimcheka: "Papa, we uko fundi ao mutu wa bureau, wa kuandikaka majina?" Hata hivyo akalitaja. Fundi alifumba macho akiisikiliza sauti yake, kidole gumba kikipapasa ukulele kubwa ya kwaya yetu, yenye nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili.

Tangu apasuliwe shingo hospitalini, Pulchérie hakuweza tena kufikia sauti za juu. Wenzake wa kwaya kijijini kwetu Lweba walitaka kumshushia wimbo, naye akaapa: "Siku mutashusha, mi natoka." Hayo nilikuwa nimemweleza fundi mapema. Alilegeza nyuzi zote taratibu, shavu lake likigusa mbao. Kisha katika kila jozi akatoa uzi mmoja, akaweka mwembamba, akaukaza mpaka ukatoa sauti ileile ya mwenzake, ila ya juu kabisa, nyembamba kama ya mtoto. Alipopiga, ukulele ilikuwa imeshuka, lakini masikio yalisikia ule mng'ao wa juu. Pulchérie akaimba. Alifika mwisho bila kukwama, akafuta machozi kwa kitenge, akaanza upya. Sikujua kwamba nyuzi zinaweza kumsitiri mtu hivyo.

Pulchérie alipotangulia nje, fundi aliniambia kwa sauti ya chini: "Dada, asijue nimeshusha. Akiuliza, umuambie ukulele ndiyo ilikuwaka juu sana zamani."