Pasi ya Maman Colombe na Ukuta wa Luberizi

Kila mwaka, Jumatatu ya Pasaka, meza ya Maman Colombe hujaa vitenge vyenye nta. Watu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, wanajua sababu yake. Usiku wa mkesha kila mtu anashika mshumaa, kanisa limejaa, mmoja anamsukuma mwenzake, na nta inadondoka juu ya nguo mpya. Jumatatu asubuhi wanawake wanapanda na vitenge vyao mpaka kwenye baraza la fundi cherehani ambapo Colombe anapiga pasi, na kila mmoja anasema ni jirani yake aliyemchafua.

Dawa ya nta ni karatasi. Colombe anachukua karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, upande ulio safi, anaitandika juu ya doa, kisha anapitisha pasi yake ya makaa. Nta inayeyuka na kunywewa na karatasi. Amefanya hivyo tangu alipokuwa msichana, na karatasi zile alikuwa akizitumia baadaye kuwashia makaa.

Mwaka huo mama mmoja alileta kitenge cha bei rahisi, kile kinachotoa rangi hata kwa mvuke. Colombe alipoinua karatasi aliona jani la bluu la kitenge limelala ndani ya nta, na mishipa yake yote, likiwa linang'aa kama limelowa. Akaigeuza kuelekea mwanga. Akaiweka pembeni. Akachukua kitenge kingine, nacho kikatoa rangi, na cha tatu pia. Jioni aliwasha makaa kwa kutumia kijiti na gunia bovu, maana karatasi zote alikuwa amezificha.

Tangu siku ile hakutulia tena. Alinunua pasi ya pili, ya zamani, yenye mpini uliofungwa kwa waya, ili nta isiguse nguo za watu. Alikusanya masalio ya mishumaa aliyopewa na wanawake wanaosafisha kanisa. Kwa wauza asali wa Kavumu alipata nta ya nyuki, ya manjano, yenye harufu ya moshi. Rangi alizitafuta nyumbani: unga wa matofali kutoka kazini kwa mume wake, masizi ya chungu, bulu ya kufulia mashati meupe, na manjano ya jikoni.

Mume wake, Papa Firmin, ni mwashi. Alirudi siku moja akakuta sufuria zote ziko na rangi.

"Mama Hugues," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "leo tunakula nta?"

"Karibu. Iko ya moto."

"Na mimi niko na njaa ya fufu."

"Fufu iko kule chini ya sahani. Lakini kwanza angalia hii."

Akamwonyesha kipande cha mbao nyembamba ya tripleksi. Alikuwa ameipaka nta nyeupe, akalaza juu yake jani la muhogo, akapitisha nta nyekundu kwa kitambaa, kisha akalitoa jani. Umbo lake lilibaki jeupe, na vidole vyake vyote, katikati ya wekundu wa matofali. Firmin aliangalia muda mrefu. Mikono yake ilijua matofali, hakujua kwamba yanaweza kufanya vile.

"Fanya tena," akasema, na fufu ikapoa.

Hapo ndipo mchezo wa violezo ulipoanza. Colombe alitaka maumbo ambayo anaweza kuyarudia, si jani linalonyauka. Akajaribu kukata ndege kwenye filamu nyeusi ya picha ya kifua aliyopewa na jirani baada ya kupona. Ilikatika vizuri kwa wembe, lakini nta ya moto ilipoigusa, ilijikunja, na mbavu zikajiviringa kama nyoka.

"Masikini ule muntu," Firmin akasema. "Alikuwa mugonjwa, kiisha umemupiga na pasi."

Akajaribu dantela, ile lesi ya kitambaa cha meza. Ikatoa maua madogo mazuri sana, lakini mara moja tu, kwa sababu nta iliziba matundu. Akajaribu chujio la unga, chanuo, kiatu cha plastiki cha mtoto. Mwisho akapasua mikebe ya maziwa ya unga, akainyoosha kwa nyundo ya Firmin, na akakata ndani ya bati umbo la nyange, yule ndege mweupe mwenye miguu mirefu. Bati halikujikunja. Tena aligundua siri yake: ukilitoa nta ikiwa ya moto, ndege anamwagika, ukingoja ipoe kabisa, anavunjika bawa. Linatolewa pale nta inapopoteza mng'ao wake, ghafla, kama jicho linaloanza kusinzia. Colombe alijifunza kuungoja muda ule akiwa ameziba pumzi, na kila mara ndege alipobaki salama alicheka peke yake.

Dada yake mkubwa, Séraphine, ameolewa Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi, analima mpunga. Alipanda Bukavu kuuza mchele, akalala kwa Colombe, na asubuhi akaziona mbao zimepangwa ukutani.

"Mudogo yangu, hii umefanya na nini?"

"Na pasi, yaya," akajibu, kama wanavyomwita dada mkubwa.

"Pasi ya nguo?"

"Iko pasi ingine?"

Séraphine hakucheka. Kule Luberizi walikuwa wanamalizia kujenga kanisa dogo la mtaa wao, na yeye ndiye kiongozi wa kina mama. Ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa bado mtupu. Papa Didier, mwenye mashine ya kukoboa mpunga na mkuu wa kamati, alitaka kuweka bashi, lile turubai linalochapwa picha kwa mashine kule Uvira. Séraphine alikuwa amewaambia kwamba kina mama watatafuta kitu bora zaidi, na hakuwa anajua ni kitu gani. Sasa alikijua. Alirudi Luberizi akasimama mbele ya kamati yote akasema ukuta ule waache, mdogo wake ataupamba, na kama hautapendeza wamtoe kwenye uongozi. Hakuna aliyemwomba aseme maneno ya mwisho. Aliyasema kwa sababu ya furaha.

Colombe alifanya kazi kila alipomaliza nguo za watu. Mbao tatu kubwa: mashuke ya mpunga chini, mto katikati, nyange juu wakiruka. Nta ya Kavumu ilikuwa na umanjano uliofanya bulu ionekane kijani, kwa hiyo aliichanganya na mishumaa myeupe, nusu kwa nusu, na rangi zikawaka kama kitenge kipya. Majirani walikuja kuangalia. Alhamisi kabla ya misa ya baraka, mbao zilifungwa kwa mashuka na kulazwa juu ya gari, moja juu ya nyingine.

Mtu wa Bukavu anaamka na pulova. Anaposhuka mteremko wa Ngomo anaifungua, na akifika Kamanyola anaivua na kushangaa, hata kama ameshapita njia ile mara nyingi. Colombe alivua pulova yake akaiweka magotini. Hakufikiria kwamba juu ya gari ndege wake hawana cha kuvua.

Walipofungua mashuka ndani ya kanisa, shuka la kwanza lilikataa kutoka. Séraphine akavuta. Likatoka na nyange watatu na nusu ya mto. Mbao mbili nyingine zilikuwa na nafuu, wakazisimamisha ukutani. Lakini mabati mapya ya paa yalikuwa yamekusanya jua tangu asubuhi, na mbele ya macho ya kina mama wote nyange walianza kurefuka miguu.

Papa Didier alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Maman Colombe, ndege zenu zinatelemuka."

"Zinashuka kula mupunga, papa Didier," Séraphine akajibu haraka, na kina mama wakacheka. Yeye mwenyewe alikuwa bado ameshika shuka lenye nyange.

"Mi sina neno mubaya," Didier akasema. "Iko muzuri, naona. Lakini dimanche padri anakuja kubariki. Tutamuonyesha ukuta wenye kutoka jasho? Samedi nitaita ule wa mashine kule Uvira. Na ile yenye ulisema mbele ya kamati, maman Séraphine, mi sikukulazimisha."

Alipoondoka, akiwa amewaachia mpaka Jumamosi tu, Colombe alikwangua nta kwa kucha akaivingirisha kati ya vidole. Ilikuwa laini kama ugali. Akaelewa. Mishumaa myeupe inatosha kwa baridi ya Bukavu. Kwenye bonde inageuka supu.

"Yaya, unisamehe. Nilipenda rangi sana."

"Kusamehe tutafanya kiisha. Sasa tunafanya nini?"

Colombe akampigia Firmin simu.

"Papa Hugues, nta ya Kavumu imebaki?"

"Imebaki kipande kama kichwa ya Hugues."

"Tuma yote na gari ya kesho asubui."

"Na kichwa?"

"Kichwa acha, bado anasoma."

Lakini alijua kwamba hata nta ya nyuki peke yake haitashinda mabati yale. Alisema hivyo kwa sauti, na mama mmoja mfupi aliyekuwa anafagia akaegemeza ufagio. Aliitwa Consolate, alizaliwa Mwenga, na ndiye anayetunza vitu vya altare. Kwa kuwa ubani wa dukani ni wa shida, huwa anachoma utomvu mkavu wa mubafu, mti wa misitu ya kwao.

"Kwetu chungu ikipasuka, tunaiziba na mubafu," akasema. "Unaiweka ku jua, haitiririke. Nilisikia unasema nta inatiririka, njo nikakumbuka."

"Ungali nayo?"

"Niko na kikapu."

Ijumaa, nta ilipofika, nyuma ya kanisa pakawa kama jiko la harusi. Mubafu ukasagwa kwenye kinu na kuyeyushwa taratibu ndani ya nta, na harufu ikawa ya misa na asali pamoja. Colombe alipaka mchanganyiko wa kwanza juu ya kipande cha bati na kukiweka juani. Utomvu ulikuwa mwingi mno. Ulipasuka kama biskuti. Wa pili ukaacha alama ya kidole. Wa tatu ukakaa juani, bati likawa la moto mpaka halishikiki, na nta ikabaki pale pale, ngumu, inang'aa kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Colombe alizunguka na lile bati akiwa amelishika kwa pindo la kitenge, akimwonyesha kila mtu, hata mbuzi wa jirani.

Ilibaki kukwangua mbao zote tatu na kuanza upya. Umanjano wa nta ya nyuki haukufichika safari hii, na bulu ikawa kijani.

"Sasa mto iko rangi gani?" akauliza Consolate.

Wakatoka wote wakaenda kuangalia mto Ruzizi, ambao maji yake yalikuwa ya rangi ya udongo kabisa. Wakarudi wanacheka, na Colombe akaupaka mto unga wa matofali. Kijani akakipeleka kwenye mpunga, ambako kilikuwa kinatakiwa tangu mwanzo.

Kina mama hawakutaka kukaa wakiangalia. Mmoja alileta ungo, akaomba waujaribu; ukaacha nyavu nzuri ndani ya maji. Mwingine alileta shuke la mpunga lenyewe, na lilipita vizuri kuliko bati. Mmoja akalaza kiganja chake juu ya mbao.

"Maman, toa mukono, nta iko moto."

"Mimi napikaka bugali kila siku, moto inanijua. Pitisha."

Colombe akapitisha kwa pembeni, kwa kitambaa, na umbo la kiganja likabaki kati ya mashuke. Basi wote wakataka. Chini ya nyange pakawa na safu ya viganja vinavyoshika mpunga, na hakuna aliyekuwa amepanga hivyo.

Jumamosi asubuhi Papa Didier alikuja na simu mkononi. Mbao zilikuwa zimeshapigiliwa ukutani. Akaziangalia kutoka kushoto mpaka kulia.

"Sasa ni asubui," akasema. "Asubui hata siagi inasimama."

"Ngoja jua ya saa sita," Séraphine akamwambia. "Ikitelemuka, mi mwenyewe napanda pikipiki mpaka Uvira kukuletea bashi. Na uongozi unaupa mwenye unataka."

Didier akavuta benchi akakaa. Kina mama wakakaa. Mabati yakaanza kutoa sauti zile ndogo za kutanuka. Joto likashuka kutoka juu kama blanketi, watu wakajipepea kwa majani ya ndizi, na hakuna aliyeondoa macho ukutani. Séraphine peke yake hakukaa. Alisimama karibu na nyange, kana kwamba angewadaka.

Jua lilipofika juu kabisa, Didier aliinuka. Akaweka kiganja chake chote juu ya ndege mmoja, akabonyeza, akangoja. Akakitoa na kukiangalia. Kilikuwa kikavu. Nyange alikuwa na miguu ileile aliyokatiwa.

Akatoka mlangoni akampigia simu yule wa mashine wa Uvira. Ndani walimsikia.

"Uchape ya bantu bengine... Hapana, hatuna tena lazima... Nasema hivi, ukuta wetu umeshapigwa pasi."

Séraphine akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, akanyoosha miguu, akaomba maji. Na Colombe alikuwa ameshageuka, anapima kwa mikono yake ukuta wa pembeni.