Babu wa Tano

Miaka ile ya tisini nilikuwa nashona nguo Kawangware, na kila nikikumbuka, naona jua la saa kumi likipenya matundu ya mabati na kutua kwenye kitambaa changu. Kijana niliyempenda alikuwa fundi wa redio kule mtaa wa Kambi Muru. Alikuja kushonewa suruali, akarudi ipunguzwe, akarudi tena iongezwe. Hata mjinga angeelewa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, yeye ishirini na saba, na sote tulizaliwa hapa hapa Nairobi na wazazi waliotoka upande wa ziwa.

Tuliulizana kazi, kanisa, ploti tulizopanga, hata timu ya mpira. Ukoo hatukuulizana. Nani Nairobi alikuwa na habari na ukoo?

Jumapili moja alinipeleka kwa mama yake, mtaa wa Soweto West. Mama alinipenda nikiwa bado mlangoni, akanipa samaki mkubwa kuliko wa mwanawe. Nikiwa nakula, akaniuliza jina la babu yangu. Nikataja. Na baba yake? Na wa huyo? Niliyataja kwa raha, maana baba alinikaririsha nikiwa mdogo. Kwenye jina la tano mama akaweka mwiko chini.

"Huyo ni wetu," alisema. "Wewe ni msichana wa ukoo wetu. Huyu ni ndugu yako."

Halafu akalia, na mimi nikaendelea kutafuna kwa sababu sikujua la kufanya.

Hatukukubali. Yeye alikwenda mjini kwa karani wa ndoa, akarudi mbio. "Sheria haina noma na sisi! Amenisomea listi yote ya wasiooana, dada, shangazi, mpwa. Babu wa tano hayuko!" Mimi nilimuuliza muuguzi wa kliniki moja ya Riruta Satellite. Alicheka, akasema damu ya mbali hivyo ni kama kijiko cha sukari ndani ya pipa la maji, na watoto wetu wangekuwa wazima kama wa watu wengine. Wiki hiyo nzima tulitembea polepole kwenye vichochoro, tukichekacheka ovyo, na hata moshi wa makaa ulininukia vizuri. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Tukampelekea mama habari hizo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi siogopi damu," alimwambia mwanawe. "Baba ya huyu akikufa, wewe utakaa wapi kwa matanga? Na vijana wake ama na wakwe? Na mtoto wenu nitamwita wa kijana yangu ama wa msichana yangu?"

Nilimtazama mpenzi wangu nikiomba apate jibu, jibu lolote. Akaangalia sakafu. Nilimkasirikia hapo, na kusema kweli hasira hiyo haijaisha.

Hakuna aliyetufukuza. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Mama aliendelea kuniita nije kula, na siku moja mwanawe akaniita "sista", kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha.

Miaka miwili baadaye alioa. Msichana wa ukoo hakosi arusi ya ndugu yake, kwa hiyo nilisimama mlangoni kwa mama yake pamoja na wenzangu, tukimngoja bibi arusi. Alikuwa mpole, viganja vimemlowa jasho. Alinishika mikono, akaniita wifi.

Nikamwambia, "Karibu nyumbani."