Mita ya Ngazija, Futi ya Kikwajuni

Katika miaka ile ya hamsini, ukitaka kanzu ya kushonwa kwa mkono hapo Kikwajuni, Unguja, mtaa mzima utakupeleka kwa Bi Mwatum. Ulimi mkali, mkono mwepesi, na jicho, mashaallah, jicho lile! Mtu akipita barazani kwake, salamu haijamtoka mdomoni, Bi Mwatum keshamjua futi zake na inchi zake.

Lakini siku hiyo aliuogopa mkasi wake mwenyewe. Mjukuu wake Bahiya, yatima aliyemlea mwenyewe, alikuwa akiolewa na Darwesh, kijana wa Ngazija ambaye Bi Mwatum hajapata kumtia machoni. Kanzu ya nikahi kaapa kuishona yeye. Na kitambaa ni melimeli aliyoinunua marehemu mumewe, Sleiman, ajishonee kanzu ya Idi. Maskini, Idi haikumkuta. Melimeli ikalala sandukuni miaka na miaka, wala hakuna nyingine mfano wake. Ikikatwa vibaya, basi tena.

Kipimo alikileta jirani yake Mkadam, baharia, aliyetoka Moroni, huko huko Ngazija.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Haya, nambie, mkwe wangu ana futi ngapi?"

"Mwenyewe sikumwona, kanipa kipimo ami yake. Na kule hawana futi, bibi, Mfaransa kawafunza mita. Mita moja na sentimita themanini na tatu, na mita ina sentimita mia."

Bi Mwatum akacheka. Mita hiyo si ndiyo wari! Sokoni Darajani kote kitambaa huuzwa kwa wari, na wari ni futi tatu. Wari moja, na robo tatu na ushei ya wari ya pili: futi tano na nusu. Moyo ukamtua, tena ukafurahi, maana mtu wa futi tano na nusu haimalizi melimeli ile. Kitabaki kipande cha kutosha foronya, alalie yeye, kumbukumbu ya Sleiman wake.

"Kimo chako hasa, Mkadam," akasema, mkasi ushagusa kitambaa. "Nshakushonea kanzu ngapi mie?"

"Kimo changu? Lo! Nlipofanya kazi meli ya Kifaransa walinipima mita moja na sitini na nane."

Mkasi ukasita. Watu wawili wa kimo kimoja, mita zao mbali mbali? Bi Mwatum akauweka chini.

"Simama ukutani," akaamuru.

Akampima upya kwa utepe wake: futi tano na inchi sita, ndiyo inchi sitini na sita. Inchi hizo zimo ndani ya sentimita mia na sitini na nane, kwa hiyo kila inchi ni sentimita mbili na nusu na ushei. Darwesh kamzidi Mkadam sentimita kumi na tano. Inchi sita!

"Futi sita kamili," akasema polepole. Na foronya ikenda zake.

Mkadam alimwona uso ulivyombadilika. "Kata fupi, bibi. Kanzu fupi sunna."

"Sunna aishike mwenyewe akitaka, mkasi wangu usimchagulie!" Akakata, machozi yakimlenga. Kitambaa kikaisha chote.

Siku ya nikahi bwana harusi alikuja kuvishwa kanzu nyumbani kwa bibi, mikono ya melimeli ikamfika sawa, upindo ukamkaa juu ya kifundo. Watu wakashangilia. Bi Mwatum hakusikia kitu. Alikuwa akimtazama anavyouendea mlango mfupi wa kutokea, mlango ambao katika nyumba ile marehemu Sleiman tu ndiye aliyekuwa akijigonga nao kichwa kila siku.

"Inama, baba!" akapiga ukelele.

Darwesh akainama, akapita salama. Bi Mwatum akabaki kaziba mdomo kwa kanga. Miaka mingi ilikuwa hajalisema neno lile.